Kundi la Cranberries: Kunyamaza Si Kufa

Nadhani ni wachache mno katika shule yetu wasioujua wimbo uitwao "Zombie". Upigwapo, hata wale wasiopenda muziki wa roki huinua vichwa vyao. Lakini wengi wetu hatujui walioupiga walitoka wapi, walipandaje, na kwa nini walinyamaza miaka sita hali dunia ilikuwa ingali ikiwasikiliza. Basi nitaeleza habari hizo kwa ufupi, maana zatuhusu sana sisi tunaokaribia kuachana.

Limerick ni mji ulio magharibi ya Ayalandi, kando ya mto Shannon. Huko, mwaka 1989, ndugu wawili, Noel na Mike Hogan, walianzisha bendi pamoja na rafiki yao Fergal Lawler. Noel alipiga gitaa, Mike gitaa la besi, na Fergal ngoma. Mwimbaji wao wa kwanza aliondoka upesi, wakabaki na vyombo bila sauti. Mwaka 1990 akaja msichana wa miaka 18 kutoka Ballybricken, shamba, jina lake Dolores O'Riordan. Yeye alikuwa amezoea kuimba na kupiga kinanda kanisani. Vijana wale wakampa kanda yenye muziki usio na maneno. Aliporudi alikuwa ameutungia maneno, na wimbo huo ndio "Linger". Baadaye bendi ikajulikana kwa jina la The Cranberries, yaani vitunda fulani vyekundu, vichachu, vya nchi za baridi.

Mambo hayakuwa rahisi. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwezi wa Machi 1993, na Waingereza hawakuijali sana. Mwaka uo huo wakaenda Marekani kupiga muziki, na huko televisheni ya MTV ikawa inaionyesha "Linger" mara kwa mara. Sifa zilipovuka bahari na kurudi, Waingereza nao wakafumbua masikio, na mwezi wa Juni 1994 santuri ile ile ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Tena Dolores hakuificha lafudhi ya kwao. Aliimba kama watu wa Limerick wasemavyo, akiivunja sauti kooni kwa namna ambayo hapana aliyeweza kumwiga.

Sasa niseme juu ya "Zombie". Wako wanafunzi wanaodhani kuwa ni wimbo wa wafu watembeao, kama katika sinema. Sivyo. Tarehe 20 Machi 1993, mabomu yaliyotegwa na jeshi la siri la IRA yalilipuka katika mji wa Warrington, Uingereza, yakawaua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Dolores alitunga wimbo huo kwa uchungu na hasira, akiwalaumu watu waliouana miaka mingi kwa ajili ya Ayalandi ya Kaskazini bila kufikiri. Ulitoka mwaka 1994 katika santuri yao ya pili, "No Need to Argue", ambayo katika Marekani peke yake ilitoa nakala milioni 7.

Lakini mtu hawezi kupanda mlima mbio siku zote. Walisafiri, wakarekodi, wakasafiri tena. Santuri ya tatu ikatoka mwaka 1996, na kabla mwaka haujaisha iliwabidi kuikatiza safari yao, kwa kuwa Dolores alikuwa amechoka kabisa. Wakapumzika, wakarudi mwaka 1999 na santuri ya nne, na mwaka 2001 wakatoa ya tano. Mwaka 2003 wakaamua kusimama. Hawakutangaza kwamba bendi imekufa. Walisema kila mmoja apate nafasi ya kufanya mambo yake. Dolores alikuwa na watoto wadogo wa kulea, kisha akatoa santuri zake mwenyewe mwaka 2007 na 2009. Noel naye alianzisha kazi nyingine aliyoiita Mono Band.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2009 wale wanne wakarudiana, ni wale wale, hakupungua hata mmoja. Wakasafiri tena, na mwaka 2012 wakatoa santuri iitwayo "Roses". Yaonekana kwangu kwamba jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja: walipoachana hawakuuchoma moto urafiki wao.

Kimya cha pili hawakukichagua. Tarehe 15 Januari 2018 Dolores alifariki ghafula London, akiwa na umri wa miaka 46. Uchunguzi ulionyesha kuwa alizama katika bafu hotelini baada ya kunywa pombe nyingi, nayo ilikuwa ajali. Alikuwa ameacha sauti yake katika nyimbo mpya ambazo hazijamalizika. Wenzake watatu, kwa idhini ya jamaa zake, walizimaliza, wakazitoa mwaka 2019 kwa jina la "In the End", kisha wakaifunga bendi. Lakini mwaka 2023, katika mashindano ya dunia ya raga huko Ufaransa, maelfu ya watu wa Ayalandi waliimba "Zombie" viwanjani.

Mwaka huu sisi wanne tupigao magitaa katika ukumbi wa shule tutamaliza masomo, na kila mtu atashika njia yake. Mwenzetu mmoja ataka tuape kupiga muziki pamoja kila mwezi, liwalo na liwe. Mimi nasema kiapo cha namna hiyo kitatuchosha, na kitatugombanisha kabla ya Krismasi. Afadhali tusimame kwa amani, ili atakayerudi apate mlango wazi. Na ninyi wanafunzi wa zamani, mlioimba pamoja hapa na hamjaandikiana tangu mlipotoka, msingoje sana. Cranberries walingoja miaka sita wakakutana. Lakini miaka tisa baadaye, yule mwenye sauti hakuwako tena.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita