Goti Langu, Ndoa Yangu na Miezi Mitatu ya Katonga

Kama umewahi kuolewa utanielewa haraka. Siku naingia ukweni Katonga nikiwa mgonjwa, mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, wifi zangu wamepiga magoti wakimsalimia baba mdogo, na mimi, mke wa mtoto wao mkubwa, nimesimama katikati ya ua na magongo mawili kama mnara wa simu. "Shikamoo mama." Nikaletewa kiti. Nikakaa juu, mama mkwe yuko chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa Mei 2024. Miezi mitatu nyuma nilikuwa kwenye bonanza la ofisi Dar es Salaam, nacheza netiboli kama vile bado nina miaka kumi na nane. Niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka, goti likabaki. Nikasikia "pa!", na hata dada aliyekuwa ananikaba aliusikia mlio huo. Ligamenti ya mbele ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele, ilikuwa imekatika. Katikati ya Aprili nikafanyiwa operesheni: wakachukua kano kutoka nyuma ya paja langu mwenyewe, wakatengenezea ligamenti mpya. Hayakupita masaa mawili. Nikajua kazi imekwisha.

Kumbe ndio kwanza inaanza.

Tulikuwa tunaishi ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mume wangu anatoka kazini usiku. Wiki ya nne, daktari aliporuhusu nisafiri, mume akasema, "Nenda kwa mama Kigoma, huko utapata wa kukuangalia." Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilisikia kitu kingine: nimetuliwa kama mzigo.

Mkwe anayekaa juu ya kiti

Kwa usioijua Katonga, ni makazi ya wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, si mbali na mji wa Kigoma. Maisha pale ni dagaa na migebuka. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa, ukiangalia kutoka ufukweni utadhani kuna mji mwingine ndani ya maji. Asubuhi wanawake wanaanika. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Mume wangu kasomeshwa na dagaa hao.

Lakini mimi nilifika wakati mbaya. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Vichanja vya kuanikia vikabaki vitupu, mitumbwi ikavutwa nchi kavu. Mama akawa anaishi kwa akiba na kwa biashara ndogo ya mihogo. Na hapo ndipo anapoletewa mkwe asiyeweza kuchota maji, kupika wala kufua. Mdomo wa ziada, tena unaotaka kuchemshiwa maji ya kuoga.

Hakuna aliyenisema. Ndio kilichokuwa kinaniua.

Choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Fikiria, goti lisilokunja na choo cha kuchuchumaa! Shemeji yangu mdogo, bila kuulizwa na mtu, akachukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa msumeno, akakiweka chooni, akaenda zake. Nimewahi kupewa zawadi nyingi za maana, lakini sikumbuki nyingine iliyonitoa machozi. Swala nilisalia kwenye kiti, nikiinamisha kichwa tu, wenzangu wanasujudu. Chakula wao sinia moja mkekani, mimi sahani yangu juu, kama mgeni rasmi. Barafu za kukandia uvimbe zilitoka kwenye friji ya jirani, zile za ukwaju za kuuzia watoto. Nilizifunga kwenye kanga na kuziweka gotini. Zikiyeyuka watoto wanazidai.

Uongo wangu

Sasa nije kwenye lile nililoona aibu kulisema. Nilipotoka hospitali nilipewa karatasi moja ya mazoezi na maelezo ya dakika tano. Kuburuza kisigino kuja makalioni, kukaza msuli wa paja, kunyoosha mguu mpaka goti liguse kitanda. Ukisoma ni mchezo wa watoto. Ukifanya, unamwona babu yako aliyekufa.

Kwa hiyo sikufanya. Nilianza, nikalia, mama akasikia, akaja mbio: "Acha mwanangu, usijitese. Goti litapoa lenyewe." Ni huruma ya mzazi, na mimi nikaikumbatia. Nikalala. Mume akipiga simu, "Unaendeleaje?" Najibu, "Vizuri tu." "Mazoezi?" "Nafanya." Kila siku, wiki baada ya wiki.

Wiki ya nane nikaenda mjini Kigoma kwa mtaalamu wa viungo. Kijana mpole, akanilaza, akapima pembe ya goti. Hamsini na tano. Akapima tena. "Dada, wenzako wa wiki hii wengi wameshavuka digrii mia na ishirini." Halafu akanieleza mambo ambayo natamani ningeyajua siku ya kwanza. Baada ya operesheni ya goti msuli wa mbele wa paja "hulala", ubongo unauzima kwa sababu ya uvimbe na maumivu, na usipouamsha unanyauka. Goti lisilosogezwa hujaa makovu ndani, yakashikana. Kunyoosha kabisa ni muhimu sawa na kukunja, asiyenyoosha atachechemea. Na likigoma kabisa, huenda ukarudishwa kwenye nusukaputi ili likunjwe kwa nguvu au makovu yakakatwe.

Nusukaputi ya pili! Ya kwanza tulilipia kwa mkopo, na marejesho bado yalikuwa yanakatwa kwenye mshahara wa mume wangu.

Usiku ule nikamwambia ukweli kwenye simu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. "Kwa hiyo muda wote huo ulikuwa unanidanganya?" Akakata. Siku mbili hakupiga. Siku ya tatu alipopiga, alisema jambo ambalo lingeweza kuvunja nyumba: "Na mimi nikwambie ukweli. Ulipopanda ndege nilipumua. Nilikuwa nimechoka kukubeba ngazi, nimechoka kukuona unalia. Halafu nikajichukia."

Nililia, sikufichi. Lakini nahariri makala za mahusiano karibu miaka kumi sasa, na sikumbuki kusoma humo sentensi iliyonisaidia kama ile. Wote wawili tulikuwa tunaigiza: mimi mgonjwa anayepona, yeye mume asiyechoka.

Toka siku hiyo akawa anapiga saa mbili usiku. Si kuuliza naendeleaje. Anahesabu. Mimi nimepitisha kanga kwenye unyayo, navuta mguu uje, yeye kwenye spika: "Moja… shikilia… mbili…" Mama mkwe naye alibadilika baada ya kuelezwa. Akawa mkali kuliko wote. Nikisema nimemaliza, anasema, "Mwanangu alihesabu tisa, si kumi." Wiki nyingine nilikuwa napata digrii nyingi, nyingine chache, wiki moja nikarudi nyuma. Mwisho wa Juni themanini. Mwisho wa Julai mia na tano. Kidonda kilipofunga kabisa, mtaalamu akaniruhusu kutembea ndani ya maji ya ziwa, sehemu safi, usawa wa kiuno. Hapo maji hubeba karibu nusu ya uzito wako. Wifi zangu walikuwa wanakaa kwenye mtumbwi uliolala wakinicheka: "Wifi, leo umevua nini?"

Mume alikuja likizo mwisho wa Julai. Najua mnataka kuuliza, na mimi nilimwuliza mtaalamu, huku naangalia dirishani. Jibu lake: kidonda kikishapona na maumivu yakiwa yametulia hakuna ubaya, ila goti lisibebe uzito, usipige magoti, na lisipindishwe. Mito miwili mitatu ni rafiki. Mengine malizieni wenyewe. Nitasema tu kwamba tulicheka zaidi kuliko tulivyotarajia, na kwa watu waliokuwa wamenuniana hilo si dogo.

Alitaka turudi wote Dar. Yeye ni mtu wa mpira, akanitajia wachezaji waliorudi uwanjani mapema. Nikamjibu kwa mpira huohuo. Ronaldo wa Brazil aliumia goti Novemba 1999, akarudi Aprili 12, 2000 dhidi ya Lazio, akacheza dakika chache tu, kano ya goti lilelile ikakatika. Alikaa nje zaidi ya mwaka. Mabao manane ya Kombe la Dunia 2002 yalikuja baada ya subira, si kabla. Karibu na kwetu, David Rudisha alikosa mashindano ya dunia ya Moscow 2013 kwa ajili ya goti. 2014 akapata fedha Glasgow, dhahabu ikaja Beijing 2015 na Rio 2016. Na utafiti wa Norway uliotoka 2016 uliona kwamba kila mwezi unaochelewa kurudi michezoni, hadi mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena inapungua kwa karibu nusu. Kinachodanganya watu ni hiki: ligamenti mpya huwa dhaifu zaidi kwenye mwezi wa pili na wa tatu, wakati uleule maumivu yanapungua na wewe unajiona mzima.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi nitapiga saa mbili."

Agosti 15 ziwa likafunguliwa. Nilitembea mpaka mwaloni bila gongo, nikichechemea kidogo. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na mbalamwezi si rafiki wa taa za dagaa. Nikamwambia mama, "Sasa si bora wangesubiri giza?" Akaniangalia. "Tumengoja miezi mitatu, tutashindwa wiki?"

Septemba nilirudi Dar, tukahamia nyumba ya chini. Mazoezi niliendelea nayo, mengine ya kuchosha mno hata kuyasimulia. Netiboli sijarudi, mwezi wa kumi na moja nilikimbia taratibu kuzunguka uwanja mara mbili, ikanitosha.

Idi ya Machi 2025 tulikwenda Katonga wote wawili. Nilimsalimia mama, nikakaa mkekani, mguu mmoja nimekunja, mwingine nimeunyoosha pembeni kwa sababu bado haupendi kukunjwa muda mrefu. Sinia likaja. Nikauliza kile kiti changu cha plastiki kiko wapi.

"Kimetagiwa mayai," wifi akasema. "Usikisogelee, kuku ana hasira."