Mtoto "kabemendwa"? Mpelekeni akapimwe mkono!

Leo tuwaache kidogo Simba na Yanga, kuna kitu kinanikera.

Mtaani kwetu mtoto akikonda, nywele zikawa nyepesi na ngozi ikalegea, utasikia tu: "Huyo kabemendwa." Yaani mzazi katoka nje ya ndoa, au mama kabeba mimba nyingine huku ananyonyesha. Basi mama anaona aibu, anamficha mtoto ndani, kliniki haendi tena. Huku mtoto anazidi kuisha.

Kitaalamu huo ni utapiamlo mkali, na una sura mbili. Kuna ukondefu, mtoto anabaki mifupa. Halafu kuna unyafuzi, wengi tunauita kwashakoo: mtoto anavimba miguu yote miwili, hata uso, watu wanadhani kanenepa!

Hilo la mimba wazee waliliona kweli, ila sababu ndiyo wakaikosea. Mimba ikija mapema, mara nyingi mtoto anaachishwa ziwa kabla ya wakati na hapewi chakula cha kuziba pengo. Hata jina kwashiorkor, ambalo daktari Cicely Williams alilitangaza miaka ya 1930, limetoka kwa Waga wa Ghana, na linahusu mtoto anayeugua baada ya kupata mdogo wake.

Sasa mambo yanayomweka mtoto hatarini ni haya:

1. Kuzaliwa njiti au na uzito chini ya kilo 2.5. Huyu anaanza safari akiwa hana akiba.

2. Kuwahishiwa chakula. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Ukimpa uji wa miezi 3 "ili alale", unamkaribishia kuharisha.

3. Uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa miezi 6 hadi 8 linabeba kama mililita 200 tu. Ukilijaza maji ya uwele, ameshiba lakini hajala. Uji uwe mzito, utiwe karanga, maziwa au dagaa waliosagwa, mara 2 hadi 3 kwa siku. Akifika miezi 9, mara 3 hadi 4. Na ziwa liendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

4. Magonjwa. Kuharisha, malaria, surua, nimonia, VVU. Akiumwa hali, asipokula anaumwa tena. Ni mzunguko.

5. Msimu. Singida tuna mvua ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili. Ndipo ghala linapokauka, mama yuko shambani kutwa, mtoto kaachiwa dada yake ambaye naye ni mtoto, na malaria ndiyo inapamba moto. Yote kwa mpigo!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Singida tunasifika kwa kuku wa kienyeji na alizeti. Kuku wanapanda gari kwenda Dar, mayai yanauzwa, mtoto anabaki na uji mtupu. Sisemi watu wasiuze, hela ya matibabu na sare za shule itatoka wapi? Nasema yai moja libaki nyumbani. Na kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye uji kinaongeza nguvu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa na asilimia 3 wana ukondefu. Hiyo 3 isikudanganye, hawa ndio wanaoweza kufa haraka.

Kugundua si kazi. Kuna utepe wa kupima mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari. Miguu ikivimba, bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba sekunde 3. Shimo likibaki, hospitali leo leo, msisubiri kesho. Zipo tiba, maziwa maalum na chakula dawa cha karanga, na watoto wanapona.

Sisi vijana ndio wajomba na mama wadogo wa hawa watoto, wengine tayari ni wazazi. Ukisikia neno "kabemendwa", usicheke wala usilipeleke mbele. Msindikize dada yako kliniki.

Nawasilisha. Kwenu mtoto akianza kula anapewa nini? Tupieni hapo chini.