Chawa wa Tifasi Hukaa Kwenye Mshono, Si Kwenye Nywele

Kila palipo na hofu ya tifasi miongoni mwa watu waliokosa makazi, swali huwa lile lile: wanyolewe lini, na wapakwe dawa gani? Swali hilo linamwandama chawa asiyehusika. Chawa wa kichwa ni kero tu. Aenezaye tifasi, homa kali isiyohusiana na taifodi, ni chawa wa mwili, ambaye huishi ndani ya nguo, hutaga mayai kwenye mishono ya kwapani na kiunoni, na hupanda kwenye ngozi kunyonya damu kisha akarudi kujificha.

Kwa hiyo wembe hauondoi hata yai moja lililoganda kwenye upindo wa shati. Mafuta ya taa, yanayoendelea kusifiwa kana kwamba ni tiba, huchubua ngozi, huweza kuwaka mtu akikaa karibu na moto, na mwishowe humwacha akivaa tena vazi lile lile lenye chawa. Wala si kung'atwa kunakoambukiza: vijidudu vimo katika kinyesi cha chawa, navyo hupenya mwilini mtu anapojikuna.

Jambo hili si geni. Huko Tunis, kabla ya mwaka 1909, daktari Charles Nicolle aligundua kwamba wagonjwa waliwaambukiza hata waliopokea nguo zao hospitalini, lakini wakishaogeshwa na kuvalishwa nguo safi, hawakumwambukiza yeyote wodini. Nchini Burundi, tifasi iliyoonekana katika gereza la Ngozi mwaka 1995 ilienea hadi kufikia 1997 katika kambi za waliokimbia vita kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako watu walilala wamebanana bila kuvua nguo, na maelfu wakaugua.

Yafaayo ni machache: nguo na blanketi zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, mishono ipigwe pasi ya moto, visivyofulika vifungwe kwenye mfuko kwa wiki mbili, nguo zitiwe dawa ya kuua wadudu iitwayo permethrini pale ambapo maji hayatoshi, na mgonjwa apewe na mhudumu wa afya antibiotiki iitwayo doksisaiklini, ambayo dozi moja ya miligramu 200 mara nyingi hutosha. Lakini mwenye vazi moja hawezi kulivua likachemshwe. Asipopewa kwanza la kubadilishia, hayo yote hayatekelezeki.