Mitambo ya ubaridi nayo yataka mlinzi

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, wateja wengi wa benki huko Singapore walijikuta hawawezi kutoa fedha wala kulipia bidhaa kwa simu. Benki mbili kubwa, DBS na Citibank, zilikuwa zimepata pigo moja kwa wakati mmoja. Fedha zilikuwapo na hakuna mwizi aliyeingia. Lakini katika jengo la kampuni ya Equinix, zilimokuwa kompyuta za benki hizo, kazi ya kuboresha mtambo wa ubaridi ilikuwa ikiendelea, na mkandarasi akatuma ishara isiyo sahihi ya kufunga vali za matangi ya maji baridi. Joto likapanda, kompyuta zikaacha kazi. Baadaye Bunge la nchi hiyo lilielezwa kwamba miamala ipatayo milioni 2.5 ya malipo na ya mashine za fedha haikuweza kukamilika.

Hilo lilikuwa kosa la mwanadamu, wala hatudai vinginevyo. Lakini madhali ishara moja iliyotumwa kwa makosa yaweza kuleta hasara kiasi hicho, hatuna budi kujiuliza itakuwaje siku itakapotumwa makusudi, na mtu aliyekaa nchi ya mbali. Swali hili latuhusu hata sisi, ambao kila uchao twatuma na kupokea fedha kwa simu.

Jengo la kuhifadhia data ni nyumba ya joto. Kompyuta zake hufanya kazi usiku na mchana, na bila ya mapampu, mafeni, vali, jenereta na betri za akiba haziwezi kudumu. Zamani mitambo hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi mwenye spana. Siku hizi huongozwa na vidhibiti vidogo vinavyozungumza kwa waya. Lugha yao mojawapo, iitwayo BACnet, ilianza kutungwa Marekani mwaka 1987 na ikawa kanuni rasmi mwaka 1995. Watungaji wake hawakufanya kosa la kipuuzi: wakati ule waya aghalabu ulikomea ndani ya kuta za jengo, kwa hiyo kidhibiti hakikufundishwa kumuuliza mwenye kutoa amri, "Wewe ni nani?" Husikia, kikatii. Lugha yenye ulinzi imekwisha kupatikana, lakini kompyuta hubadilishwa kila baada ya miaka michache, ilhali mabomba na vidhibiti vyake hukaa miaka mingi.

Kisha waya ule ukatolewa nje, ukaunganishwa na intaneti, ili fundi aweze kutazama mitambo akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2013 wachunguzi wawili wa usalama waliingia katika mtambo wa kuongozea jengo la ofisi za Google mjini Sydney, wakaona hata ramani za mabomba yake. Walitoa taarifa na hawakudhuru kitu. Dawa ya kasoro ile ilikuwa imekwisha kutolewa; haikuwa imetiwa.

Waliovamia mashirika ya umeme ya Ukraine tarehe 23 Desemba 2015 hawakuwa na wema huo. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme kwa saa kadhaa. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba wavamizi walizipangia hata betri za akiba za kompyuta muda wa kujizima, wakipitia njia ileile iliyowekwa kumrahisishia fundi kazi. Mwezi Machi 2022 idara za Serikali ya Marekani zilikuwa bado zikiwahimiza wenye betri hizo waziondoe kwenye intaneti na kubadili maneno ya siri yaliyotoka nayo kiwandani. Yaani miaka sita na zaidi baadaye!

Sisi twaona kwamba chanzo ni uongozi kuliko ufundi. Fundi wa majengo ana mkuu wake, mtaalamu wa kompyuta ana mkuu wake, na kidhibiti cha vali hakina mkuu. Mkandarasi akimaliza mkataba, ufunguo wake wa kuingilia hubaki ukifanya kazi kwa kuwa hakuna aliyepewa dhamana ya kuufuta. Kwa hiyo kila jengo la namna hii lapasa kuwa na mtu mmoja mwenye jina na cheo wa kujibu kuhusu mitambo hiyo. Mtandao wa mitambo utengwe na mitandao mingine, na mlango wa mkandarasi ufunguliwe wakati wa kazi tu, mbele ya shahidi.

Fauka ya hayo, kazi ya mkono isidharauliwe. Wapo wataalamu wanaoicheka, wakiiona ni mambo ya kale. Kule Ukraine mitambo ya kuongozea kutoka mbali ilipokuwa haiaminiki tena, mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni, wakawasha swichi kwa mikono yao, na umeme ukarudi siku ileile. Wenye majengo ya data wangefanya vyema kuuliza, hata kesho asubuhi, ni fundi yupi wa zamu ajuaye vali ya maji baridi ilipo na namna ya kuifungua bila kompyuta.