Mashine Kuukuu ya Kuchonga Chuma, Kabla ya Bangili Kuuzwa

Mama mmoja wa hapa Pwani, msomaji wetu, ametuuliza jambo ambalo hatukulitarajia, sisi tuliozoea kuulizwa mirathi na talaka. Mwanawe ni fundi wa chuma mjini Kakamega. Ameona mashine kuukuu ya kuchonga chuma inauzwa, fedha zake hazitoshi, naye anamwomba mamake auze bangili zake za dhahabu kuzitimiza. Mama anauliza: chombo kilichokwisha kutumika miaka arobaini au zaidi kina thamani gani? Tumelichukua swali hili kwa uzito, kwa kuwa dhahabu ya mwanamke ni mali yake mwenyewe, na aghalabu ndiyo akiba ya pekee aliyonayo.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Mafundi huiita milingi. Katika kerezo, chuma ndicho kinachozunguka na kisu husimama. Katika milingi kisu ndicho kinachozunguka, na chuma hubanwa kwa jiliwa juu ya meza inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Huitwa ya wima kwa sababu mhimili unaoshika kisu umesimama. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Bridgeport, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 katika mji wa jina hilo huko Connecticut, Marekani, na baadaye ikatengenezwa pia Leicester, Uingereza. Mwili wake ni chuma cha kusubu, na uzito wake unakaribia tani moja. Chuma kama hicho hakizeeki kwa miaka. Huzeeka kwa matumizi mabaya. Ndiyo maana mashine ya mwaka 1965 yaweza kuwa bora kuliko ya mwaka 1995, na ndiyo maana swali la umri si swali la kuanzia.

La kuanzia ni kazi. Kakamega ni nchi ya miwa. Wazee wetu waliijua Mumias tangu enzi za Nabongo Mumia, misafara ya Pwani ilipotua huko na Uislamu ukapata makao. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu wa wadai. Lakini miwa haikuacha kuota. Vipo vinu vidogo vya sukari guru, na zipo mashine za kusaga mahindi, na kila kimojawapo kina shafti, gia na puli ambazo siku moja zitakatika. Puli hushikwa kwenye shafti kwa kipande cha chuma kilichokaa ndani ya mfereji. Asiye na milingi huuchimba mfereji huo kwa kutoboa tundu baada ya tundu, kisha kupiga tupa kutwa nzima, na mara nyingi kipande hucheza na shafti hurudi imeharibika zaidi. Mwenye milingi huukata ukanyooka, kwa muda mfupi. Kadhalika husawazisha vichwa vya injini vilivyopinda kwa moto, na akiwa na kichwa cha kugawanya, huchonga meno ya gia.

Kwa hiyo mama amuulize mwanawe: ni kazi gani za namna hii zilizokufika mwaka huu, ukazirudisha kwa kukosa chombo? Akiweza kuzitaja moja moja, maneno yake yana msingi. Na kama hana hata kerezo, basi aanze na kerezo, kwani milingi bila kerezo ni kama sufuria bila jiko.

Sasa ukaguzi. Rangi mpya isimdanganye mtu. Rangi ni ya bei nafuu. Sehemu za kutazamwa ni zile njia ambazo meza huteleza juu yake. Zilipotoka kiwandani, nyingi zilikwanguliwa kwa mkono zikabaki na vialama vidogo kama magamba ya samaki, vya kushikia mafuta. Vialama vikionekana kote, mashine ilitunzwa. Vikiwa miishoni tu na katikati pameng'ara kama kioo, pameliwa. Lipo jaribio jingine: kazi nyingi hufanywa meza ikiwa katikati, basi kaza vibanio vya meza hapo mpaka iwe imara, kisha izungushe kuelekea mwisho. Ikiganda njiani, katikati pamelika zaidi ya pembeni. Ugonjwa huo kuutibu ni gharama kubwa.

Kisha skrubu ya meza. Zungusha gurudumu la mkono upande mmoja, halafu lirudishe, uhesabu mistari inayopita kabla meza haijasogea. Ulegevu kidogo haukosekani. Ukifika robo ya mzunguko, nati ya ndani imekwisha. Hii yabadilishwa, nayo iwe sababu ya kupunguziwa bei, si ya kukimbia. Mistari yenyewe itazamwe pia: mashine nyingi za Marekani na Uingereza za zamani hupima kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, fundi aliyezoea milimita ataharibu kazi asipoangalia. Mwisho, iwashwe kwa kasi ya juu kwa muda. Bering zikinguruma, au kichwa kikiwaka moto upesi, ni bering za kubadilishwa, na bering za usahihi huo si zile za baiskeli.

Hapa fikihi ina neno. Muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake ni wajibu wake kuibainisha, na mnunuzi aliyekuja kugundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo, asiyoijua, ana khiyari ya kurudisha. Wauzaji wa vyuma hupenda kuandika kwamba kilichouzwa hakirudi. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya sharti hilo. Lakini mashine ikishasafirishwa, khiyari huwa nzito hata ikiwa ni haki. Aiendee mwenyewe, pamoja na fundi aliyemzidi umri, na fedha zibaki nyumbani siku hiyo.

Umeme nao umewavunja wengi. Nyingi za mashine hizi zina mota ya fezi tatu, ilhali karakana nyingi zina fezi moja. Kipo kigeuzi cha umeme kinachoweza kuiendesha mota ya fezi tatu kutoka fezi moja, iwapo mota yaweza kufungwa kwa volti 230. Bamba la mota ndilo linalosema. Iliyotoka Marekani iliundiwa umeme wa hezi 60, nasi tuna hezi 50, hivyo bila kigeuzi itazunguka pole kwa moja ya sita. Gharama hii, pamoja na jiliwa, visu na kolleti za kushikia visu, iandikwe katika hesabu kabla ya bangili kufika kwa sonara. Anayenunua mashine tupu amenunua nusu.

Na fedha ya mama iingie kwa jina lipi? Ikiwa ni zawadi, iwe zawadi na isidaiwe. Ikiwa ni deni, hurudi kama ilivyo. Nyongeza yoyote iliyoshurutishwa ni riba. Ikiwa ni shirika, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana, na hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Wala haifai mmoja kujiwekea kiasi maalumu cha fedha kila mwezi kiitwe faida. Anayetaka kiasi maalumu, na awe mmiliki wa sehemu ya mashine amkodishe mwanawe sehemu hiyo. Lolote watakalochagua liandikwe, kwa kuwa Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamrisha deni liandikwe, nayo haikuwatoa mama na mwana.

Wakati wa kuihamisha, meza ishushwe na kichwa kipinduliwe chini, kwa maana mashine hii ni nzito juu na hupinduka garini. Ikifika Kakamega, adui ni mvua. Njia zipakwe mafuta kila jioni na kufunikwa turubai. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa habari za kutu.

Katika kukata, mashine yenye skrubu iliyolegea isikate kwa kuufuata mzunguko wa kisu, maana kisu kitaivuta meza kwa ghafula na kuvunjika. Chuma kisukumwe kuelekea meno yanayokuja. Glovu zisivaliwe karibu na kisu kinachozunguka, wala mikono mirefu ya kanzu, wala mtandio unaoning'inia kwa binti atakayesaidia. Nguo hukamatwa kabla mkono haujajua. Miwani ya kinga ni lazima. Maranda ya chuma yaondolewe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa. Hewa ya pampu isitumike, kwani huyasukuma maranda ndani ya njia za meza, na huko ndiko meza inakoliwa.