Besi Si Moja: Kweli na Uongo Kuhusu Sabwufa

Ukungu wa milima ya chai humeza besi. UONGO. Simama kwenye shamba la chai juu ya barabara ya Kericho kwenda Litein, asubuhi ambayo huoni hatua ishirini mbele. Matatu ingali nyuma ya kona, lakini du-du-du yake imeshakufika kifuani. Maneno ya mwimbaji yatakuja baadaye. Wimbi la besi yenye mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa takriban mita 8 na nusu, hivyo huzunguka vichaka na kona bila taabu. Zinazofia njiani ni sauti nyembamba.

Wati nyingi ndizo besi kubwa. UONGO, karibu wote. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara 10. Na ile namba kubwa ya kwenye katoni mara nyingi ni ya kufumba na kufumbua. Muulize muuzaji spika inabeba wati ngapi mfululizo.

Besi ni besi, sabwufa yoyote itaipiga. UONGO, na huu ndio unaoniuma. Sikiliza nyimbo za magitaa za Wakipsigis, zile za njia aliyopita mwanamuziki Kipchamba arap Tapotuk. Gitaa la besi halisimami. Linatembea, noti fupi baada ya noti fupi, likijibizana na gitaa la juu. Uzi wake mnene hutetema mara 41 kwa sekunde, kisha mpigaji anapanda. Besi ya hip-hop ni kitu kingine: mdundo mmoja mzito unaovutwa, uliozaliwa kwenye mashine ya ngoma ya TR-808 ya Roland, Japani.

Boksi la sabwufa lenye tundu hupendelea sauti iliyo karibu na kipimo alichokiweka fundi. Hapo hupaza, na chini yake hulegea ghafla. Mdundo wa hip-hop utashiba humo. Lakini mtie mpiga besi wa Bomet ndani ya boksi lililopimwa ovyo: anatembea noti tano, wewe unasikia moja, du, du, du. Boksi lililozibwa kabisa halina kishindo hicho, lakini hewa iliyofungiwa ndani huirudisha spika kama springi, na kila noti huanza na kuisha mahali pake. Kwa muziki wetu, mimi nachagua hilo.

Sabwufa ikitikisa gari, ni kali. NUSU KWELI. Bonyeza bamba la namba kwa kiganja wimbo ukiendelea. Mara nyingi nusu ya "besi" hunyamaza.

Sikio halijui besi inatoka wapi. KWELI, chini ya mitetemo 80 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana boksi likikaa nyuma, bendi bado husikika mbele. Mpaka wa sauti zinazotumwa kwenye sabwufa ukiwekwa juu zaidi, waimbaji huhamia butini. Kipimo kizuri ni "Chemirocha", wimbo wa wasichana wa Kipsigis uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950. Sauti zile ziko juu mno kwa sabwufa. Ukizisikia zikinguruma nyuma ya kiti, mrudishie fundi gari ateremshe mpaka.