Wajibu na Fedha za Halmashauri katika Kuendeleza Utalii: Mfano wa Kibaha na Kisarawe

Utangulizi

Utalii wa Tanzania umezoeleka kutazamwa kupitia Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar. Wilaya zisizo na vivutio vya aina hiyo hutajwa kwa nadra, ingawa nazo zina wajibu wa kukuza uchumi wa wakazi wake. Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizo jirani na Dar es Salaam, ni mfano mzuri wa hali hiyo. Makala haya yanaeleza nafasi ya halmashauri zake katika utalii, vyanzo vya fedha zinazoweza kuvitegemea, na sababu inayofanya ongezeko la wageni lisimaanishe ongezeko la mapato.

Vivutio vilivyopo

Kisarawe ina misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya asili ya pwani. Humo huishi viumbe adimu, akiwemo komba mdogo wa Rondo. Eneo la Pugu pia lina mapango yaliyotokana na uchimbaji wa kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo. Upande wa Kibaha hakuna msitu wenye jina kubwa kama hilo, lakini kuna Mto Ruvu, Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa miaka ya 1960 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa mwaka 2022, ambayo huleta wageni wa mafunzo na mikutano.

Wajibu wa kisheria

Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinaweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zinazipa mamlaka za wilaya na za miji jukumu la kuendeleza ustawi wa jamii na uchumi katika maeneo yao. Kwa utalii, jukumu hilo linahusu kupanga matumizi ya ardhi, kutoa leseni za biashara, kusimamia usafi, na kutunga sheria ndogo.

Hata hivyo, mambo mawili ambayo mgeni huyahitaji kwanza yako nje ya mikono ya halmashauri. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, nao ndio hupokea kiingilio. Barabara za wilaya, zikiwemo zinazofika kwenye vivutio, zilihamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini mwaka 2017. Halmashauri hulaumiwa barabara inapoharibika, ilhali bajeti ya kuitengeneza haiko kwake.

Vyanzo vya fedha

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982, ndiyo msingi wa mapato ya ndani. Wigo wake umepungua kadiri miaka inavyokwenda: kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016. Kwa upande wa utalii, vilivyobaki ni ada za leseni, ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara, ushuru wa nyumba za kulala wageni, na ushuru wa masoko.

Vyanzo hivi vyote vina sifa moja: havipati chochote mgeni anapotazama msitu, bali anapolala, anapokula na anaponunua. Hapo ndipo ugumu wa Kisarawe ulipo. Mgeni atokaye Dar es Salaam anaweza kuingia Pugu asubuhi, akala chakula alichobeba, na jioni akawa nyumbani kwake. Kiingilio kimekwenda kwa Wakala, nayo halmashauri imebaki na taka za kuzoa. Kibaha ina hali iliyo kinyume. Nyumba za wageni zipo kandokando ya Barabara ya Morogoro, lakini wengi wanaolala humo ni wasafiri wasio na sababu ya kubaki siku ya pili.

Njia zinazowezekana

Kwa kuwa kila upande una kile ambacho mwenzake hana, mpango wa pamoja una faida kuliko mashindano. Ziara moja inaweza kuunganisha msitu wa Kisarawe na malazi ya Kibaha. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 na yenye kituo Soga wilayani Kibaha, inaongeza uwezekano huo, mradi usafiri wa kutoka kituoni upangwe.

Fedha za kuanzia hazihitaji kuwa nyingi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya waongoza wageni, mama lishe na wasusi wa ukili vinaweza kunufaika, na matumizi ya mgeni yakabaki wilayani. Aidha, halmashauri zinaweza kujadiliana na Wakala ili sehemu ya huduma ndani ya hifadhi itolewe na vikundi hivyo.

Hitimisho

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zina wajibu mpana kuliko mifuko yake. Kuhesabu wageni wanaopita getini hakutoshi kupima mafanikio. Kipimo kinachofaa ni kiasi cha fedha kinachobaki kijijini baada ya mgeni kuondoka, kwa kuwa hicho ndicho kitakachompa mkazi wa kando ya msitu sababu ya kuulinda badala ya kuukata kwa ajili ya mkaa.